Mzani Hauna Shemeji

Hotuba hii niliitoa Mwanga, mjini Kigoma, mbele ya wafanyabiashara wadogo wa sokoni, wa mwaloni mitumbwi inaposhusha samaki, na wa barabarani. Asubuhi ile wengine walikuwa Kibirizi wanapokea mzigo, wengine wako mbali, Kasulu na Uvinza, na wameniomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Mwakeye! Mwakeye tena!

Mwenyekiti, ahsante kwa nafasi hii. Wazazi wangu mlionitangulia katika kazi, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, habari za asubuhi. Na ninyi wadogo zangu mlioanza juzi na mtaji wa elfu hamsini, mmekaa nyuma kabisa kama vile mmekuja kusindikiza, naomba msogee mbele. Maneno haya ni yenu kuliko ya mtu mwingine humu.

Nauza dagaa mwaka wa 19 sasa. Nilianza na sado moja, kile kindoo cha kupimia, na ungo, pale barabarani. Leo nina stoo, nina vijana wanne, nina wateja Tabora, Dodoma na Dar es Salaam. Katikati hapo nimeanguka mara mbili, na mara zote mbili sikuangushwa na mwizi wala moto. Mara ya kwanza niliangushwa na ulaini. Mara ya pili niliangushwa na ukaidi.

Nani hapa hajawahi kuambiwa, "Wewe mama una roho ngumu"? Na nani hajawahi kuambiwa, "Upole wako huu utakumaliza"? Nawaona mnatazamana. Wote tumeambiwa, na mara nyingi mtu anayesema ni yule yule, leo hivi na kesho vile, kulingana na alichokuja kukitafuta. Basi tumsikilize yupi?

Nawaambieni ninachokiamini kwa moyo wangu wote. Amua mapema. Amua jioni, duka limefungwa, daftari liko mbele yako, hakuna anayekulilia na hakuna anayekutishia. Andika ni kitu gani kwako kinapinda na ni kitu gani hakipindi. Kwa sababu ukisubiri kuamua mteja akiwa amesimama mbele yako, hutaamua wewe. Itaamua haya. Itaamua hofu. Itaamua hasira uliyotoka nayo nyumbani asubuhi. Na kesho yake atakuja mwingine na shida ile ile, utampa jibu jingine, na mtaa mzima utajua kwamba kwako jibu linategemea nani kakuomba na umeamkaje.

Sasa mtaniuliza, nitajuaje kipi kipinde na kipi kisipinde? Hapo ndipo nilipolipia ada kubwa.

Nilikuwa na mteja wa Dar es Salaam, kaka mmoja mtaratibu sana, akichukua gunia kumi kila mwezi. Mwaka wa tatu huo wa biashara yangu. Siku moja akanipigia simu, akasema kuna mtu anampa kwa bei ya chini kuliko yangu, na kama sitashuka atahama. Nilishikwa na hofu. Gunia kumi kila mwezi si mchezo, nilikuwa nalipia watoto ada kwa hizo hizo gunia kumi. Kijana mmoja wa mwaloni akaniambia, "Mama, ziko dagaa za chini, za kuanika mchangani, changanya mbili tu kwenye kumi, nani atajua?" Nikachanganya.

Mnajua ninyi wenyewe tofauti. Dagaa ya kwenye chanja, ile meza ya kuanikia, hupigwa na upepo juu na chini, inakauka ikiwa safi, iking'aa kama sindano mpya. Dagaa ya mchangani inakauka upande mmoja, unaigeuza, na ikikauka inakuwa imebeba ufuo.

Safari ile yule kaka alikuja mwenyewe. Akafungua gunia la kwanza, zuri. La pili, zuri. La tatu akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa ngumi, akaisugua taratibu juu ya kiganja cha mkono wa pili. Akafungua vidole. Juu kulikuwa na magamba meupe, na chini ya magamba, kwenye mistari ya kiganja, chembe za mchanga. Hakupiga kelele. Alijifuta kwenye suruali, akaniuliza, "Dada, mimi nikauze mchanga?" Akalipia gunia nane, akaziacha zile mbili pale zilipo. Mwezi uliofuata hakupiga simu. Wala uliofuata. Miaka miwili hakupiga.

Nimelifikiria jambo lile usiku mwingi. Yule kaka aliniomba nini? Aliniomba bei. Ningeweza kumpunguzia bei kidogo nikala faida ndogo kwa miezi miwili. Ningeweza kumpa wiki mbili za kulipa. Ningeweza kumwambia, "Kaka, kwa bei yako nakupa saba, si kumi." Milango ya kulegeza ilikuwa mitatu, yote wazi. Mimi nikaiacha milango, nikaenda kubomoa ukuta.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, na naomba wadogo zangu mkisikilize. Kitu ambacho wewe na mteja wako mnakiona wote wawili, hicho kinaweza kupinda. Kitu ambacho unakijua wewe peke yako, hicho kisipinde kamwe.

Bei mnaiona wote. Mnavutana, mnacheka, mnakubaliana, kila mmoja yuko macho. Siku ya kulipa mnaiona wote. Idadi ya magunia mnaiona wote. Hapo pinda, legeza, kuwa mwepesi, biashara haigombi. Lakini mchanga ndani ya gunia unaujua wewe. Maji chini ya dumu la mawese unayajua wewe. Sado iliyogongwa kitako ikaingia ndani unaijua wewe na fundi aliyeigonga. Hapo hakuna mazungumzo. Hata njaa ikiingia ndani, hakuna mazungumzo.

Nilikuwa na shemeji yangu. Alikuja dukani, ananitania kama ilivyo desturi, "Shem, nijazie, mimi si mtu wa mzani." Nikamwambia shem, mzani hauna shemeji. Ukitaka nikupendelee, nakupa bei ya ndugu, kilo tano kwa bei ya nne na nusu, sema nipunguze na hapo. Lakini kilo itabaki kilo. Alinuna siku ile. Leo akimwagiza mtoto wake wa miaka minane aje kununua, hamwambii "kaangalie vizuri wasikupunje." Anampa hela tu.

Mzani wangu unahakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na una stika yake. Lumbesa, kujaza gunia kupita kipimo chake, mnajua ni marufuku kisheria, na wakulima wetu wameumizwa nayo miaka mingi. Sitarefusha hapo. Dagaa zinazodondoka chini ya chanja nazo zina mnunuzi, ni chakula cha kuku, na anayezinunua kwangu anaambiwa kwa mdomo kwamba hizi ni za kuku. Hela inapatikana na usingizi unapatikana.

Sasa nije kwenye jambo linalotumaliza wengi humu ndani. Mali kauli. Madeni.

Mikono juu, nani ana daftari la madeni? ... Na nani amelifungua wiki hii akalijumlisha? ... Mmeona mikono ilivyoshuka.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo. Daftari lilikuwa zuri, lina jalada gumu, na ndani majina 46. Siku moja nilikaa nikajumlisha, ikaja milioni mbili na laki tatu na sabini elfu. Mtaji wangu wote wakati ule haukuzidi milioni tatu. Maana yake nini? Maana yake mimi sikuwa na duka. Duka lilikuwa kwenye masufuria ya watu 46, nami nilikuwa mlinzi wa meza tupu.

Ikawa siku za mbalamwezi. Mnajua mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni, na kile kidogo kinachopatikana bei yake inapaa. Nilihitaji hela ya kununua mzigo na hela iko kwa watu. Nikaenda kwenye mkopo wa kausha damu. Sitaki hata kuusimulia. Ninachosema ni kwamba nilikopa kwa riba inayouma ili niendelee kuwakopesha watu bila riba, na niliuita huo wema.

Kwa nini sikudai? Nilikuwa naona haya. Nilikaa msibani siku moja, kwenye mkeka, kulia kwangu mwenye deni la elfu themanini, kushoto kwangu mwenye deni la laki na nusu, na anayeongoza dua ana deni la elfu arobaini. Ungesema nini? Hawa ndio watakaonizika. Hawa ndio waliokuja mtoto wangu alipougua. Kigoma si mji wa watu wasiojuana. Unayemdai leo ni bibi harusi wa mjomba wako kesho.

Kwa hiyo mtu asije hapa kutuambia "usikopeshe kabisa." Mwenye kusema hivyo hajawahi kuuza kwenye mtaa wetu. Ukiandika ukutani "leo kulipa kesho mkopo," watu wanausoma ule ubao, wanautikisia kichwa, halafu wanakukopa. Mtaani kwetu kukopeshana ni sehemu ya kuishi. Swali ni, utapinda wapi na utasimama wapi?

Mimi niliamua hivi, jioni moja, peke yangu. Kiasi cha deni kina mwisho, na mwisho huo nimeuandika kwa kila mtu. Deni la pili halianzi la kwanza halijaisha. Hayo mawili hayapindi, awe dada yangu, awe mwenyekiti wa mtaa, samahani Mwenyekiti. Lakini siku ya kulipa na namna ya kulipa inapinda kadiri mtu anavyopata riziki yake.

Hapa wengi tunakosea, naomba nikae kidogo. Tunamwambia kila mtu "utalipa mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ni wa nani? Ni wa mwalimu na wa nesi. Mke wa mvuvi hana mwisho wa mwezi. Yeye ana giza na mbalamwezi. Ukimwambia tarehe 30 na tarehe 30 ikaangukia mwezi mpevu, umemtengenezea uongo kwa mkono wako mwenyewe. Huyo mwambie, "Mtumbwi ukirudi, kila siku ya tatu leta elfu tano." Mwenye shamba la michikichi kule Simbo, deni lake lifuate siku ya kukamua. Bodaboda alete elfu moja kila jioni akipita. Nilipoanza kuuliza, "Dada, wewe hela yako huingia lini?" kabla ya kupima mzigo, madeni yangu yakaanza kurudi. Watu hawakuwa wabaya. Tarehe ndiyo ilikuwa mbaya.

Na mwenye shida kweli kweli je? Anayekuja mtoto ana homa, hana kitu, na deni la kwanza bado? Kanuni inasema hapana. Moyo unasema nini?

Nina kitu nakiita fungu la huruma. Kila mwezi natenga kilo kumi za dagaa na dumu moja la mawese la lita tano. Hizo si za kuuza na si za kukopesha. Ni za kutoa. Zimeshatoka kwenye hesabu kabla ya mwezi kuanza. Mwaka juzi alikuja mama mmoja, mume wake amelazwa hospitali ya Maweni wiki ya pili, anadaiwa kwangu elfu thelathini na tano. Alisimama mlangoni, hakuingia, ameshika kanga yake hapa shingoni kama anajizuia kusema. Zamani ningempa mkopo mwingine, nikauandika, na deni lingefika elfu hamsini, naye angeanza kupita njia ya nyuma ili asinione. Nilimpimia kilo mbili kutoka kwenye fungu, nikamwambia, "Hii haina daftari. Ile elfu thelathini na tano ipo pale pale, mume akitoka tutazungumza." Alilipa yote kwa miezi minne. Hakupita njia ya nyuma hata siku moja.

Fungu likiisha tarehe 20, limeisha. Inauma. Lakini anayekuja tarehe 25 namwambia ukweli kwamba la mwezi huu limekwisha, na hilo ni tofauti kabisa na kumwambia sitaki.

Dada zangu, niseme neno moja kwenu peke yenu. Mwanaume akisimamia mali yake anaitwa ana msimamo. Sisi tukisimama tunaitwa wenye roho mbaya, na maneno hayo yanatuingia kwa sababu tumelelewa tuwe watu wa kutoa. Nimeona wanawake hodari wakifunga meza kwa sababu ya neno hilo tu. Mimi nilijifunza kukataa kwa sentensi moja, kwa upole, bila kujieleza. "Dada, la kwanza likiisha hata jioni hii mzigo upo." Basi. Ukianza kueleza, ada ya watoto, kodi ya pango, mume hajaleta, unampa mtu nafasi ya kukujibu kila sababu, na mwisho utashindwa. Msijieleze.

Nimesema niliwahi kuangushwa pia na ukaidi. Hilo nalo nilisimulie.

Miaka mingi nilikuwa najivuna kwamba mimi ni mtu wa dagaa. Mtu akiniambia, "Mama, weka na mawese hapo pembeni," namjibu mimi sichanganyi. Niliona ule ndio msimamo. Kumbe nilikuwa nimeshika kitu kisichohitaji kushikwa. Mwaka mmoja mvua zilikaa vibaya, jua halitoki, dagaa hazikauki, zinaoza juu ya chanja, harufu mtaa mzima. Wenzangu waliokuwa na maharage ya Kasulu na mawese ya Mwandiga waliendelea kula. Mimi nilikaa na msimamo wangu wiki saba, na mtaji ukaisha.

Kwa hiyo tangazo la kufunga ziwa lilipokuja, lilinikuta nimeshajifunza. Mnakumbuka, nchi nne zenye ziwa hili la Tanganyika, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana uvuvi upumzishwe ili samaki wazaliane. Kwetu likafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, mwaka 2024. Miezi mitatu. Palikuwa na vilio hapa mjini, na vilikuwa vya haki, maana mtu anayekula kwa siku humwambii asubiri siku tisini.

Hapa naomba niwakumbushe Liemba. Meli yetu ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa huku bara, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikachukuliwa na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, walipaka injini grisi nyingi. Fikirini jambo hilo. Mtu anazamisha meli, na bado anapaka grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina hilo la Liemba. Baadaye sana, miaka ya 1970, mvuke ukatolewa ikawekewa injini za dizeli. Bodi ni lile lile la 1913.

Basi mwezi wa nne ule nami nilipaka grisi. Nilikusanya madeni. Nililipa wale wanaonidai mimi, wote, ili Agosti nikirudi mwaloni nirudi nikiwa na uso. Nikanunua dagaa za stoo kadiri nilivyoweza, nikazifunga vizuri zisiingie unyevu. Halafu nikabadili injini. Mei nzima hadi Agosti niliuza mawese na maharage. Mafundi wangu wa kuanika wakawa wapakiaji. Tukaanza kufunga dagaa za stoo kwenye pakiti ndogo za robo, za wasafiri wa treni na mabasi. Pakiti zile zilizaliwa na dhiki, na hadi leo ndizo zinazolipa pango la stoo.

Lakini usiku mmoja ndani ya miezi ile ilikuja gari nyumbani. Kijana ninayemfahamu, ana gunia sita za dagaa mbichi, za kuvua kwa wizi, bei ya kutupa. "Mama, wewe una chanja, una wateja, jua likitoka zinakauka." Nilikuwa nimebakiwa na gunia mbili tu stoo. Wateja wa Tabora wananipigia kila siku. Niwaambie ukweli, nilisimama pale mlangoni muda mrefu, na miguu yangu ilikuwa baridi. Kilichonisaidia si ushujaa. Nilikuwa nimeshaliandika mwezi wa nne, ukurasa wa kwanza wa daftari, "Sinunui cha usiku." Kama ningeanza kuamua saa ile, saa nane za usiku, mimi na gunia sita, sijui ningeamua nini. Nikamwambia kijana aende. Alinitukana kidogo, akaenda.

Kuhusu wafanyakazi nitapita haraka, maana muda unakwenda. Kwangu saa moja asubuhi ni saa moja. Dagaa haimsubiri mtu, jua likitangulia umeshapoteza. Lakini binti yangu mmoja wa kazi ana mtoto mwenye sikoseli, kuna siku anaamka hospitali. Tumekubaliana anipigie kabla ya saa kumi na mbili, na siku hiyo zamu yake inashikwa na mwenzake, naye atashika ya mwenzake. Wengine wanajua sababu, nimewaambia wote pamoja. Kilichofichwa ndicho kinachozaa kinyongo. Na hela ya mauzo haiguswi na mtu yeyote kabla ya hesabu ya jioni, na mtu wa kwanza kutoigusa ni mimi. Nikitaka dagaa za nyumbani nanunua, naandika, nalipa. Watoto wangu walidhani ni utani. Waliponiona natoa elfu kumi kwenye pochi yangu mwenyewe kulipia kilo ya mboga yetu, hakuna kijana dukani aliyehitaji kuhubiriwa.

Mama mmoja ameniuliza asubuhi tulipokuwa tunakunywa chai, "Na nikishaandika, halafu nikaona nimekosea, nibadilishe?" Badilisha. Nimebadilisha mengi. Kiwango cha deni nimekibadilisha mara tatu. Ila badilisha jioni, usibadilishe mteja akiwa mbele yako. Na ukibadilisha, kimebadilika kwa wote, si kwa huyu anayelia zaidi.

Yule kaka wa Dar es Salaam, mwenye gunia kumi, alipiga simu baada ya miaka ile miwili. Hakutaja mchanga, wala mimi sikutaja. Aliuliza bei. Nikampa bei ya juu kuliko ya zamani, kwa sababu ndiyo bei ya dagaa ya chanja. Akanyamaza kidogo kwenye simu, akasema, "Nitumie moja." Nilituma moja. Mwezi uliofuata mbili. Ilituchukua mwaka mzima kurudi kwenye kumi, na kila gunia lilipoondoka nililifungua mwenyewe, nikaingiza mkono hadi chini, nikasugua kiganja.

Sasa, Mwenyekiti, naomba dakika kumi za mwisho zisiwe za maneno. Hapa mbele nimekuja na mzani wangu, huu mnaouona, na ndoo ya dagaa. Niliwaomba kwenye tangazo kila mmoja aje na sado au kopo lake la kupimia. Nawaona baadhi mmeyafunika kwa kanga. Yatoeni. Tutajaza, tutapima, na kila mmoja ataijua sado yake ina gramu ngapi. Hakuna atakayeandikwa jina. Tunaanza na ya kwangu, hii ya bluu, niliyoanzia nayo miaka 19 iliyopita. Kijana, shika hapa. Mimina.